Koti la Bosi

Shoga yangu, uko? Nimetoka mahakamani sasa hivi.

Mdogo wangu kafungwa miaka mitatu. Mitatu! Kwa kuiba zile nyaya za kiwandani.

Kesi iliyofuata ikawa ya bosi wake, aliyekula michango ya uzeeni ya wafanyakazi wote. Alikana mpaka mwisho. Kakutwa na hatia, halafu wakili kasimama: "Mteja wangu ni mtu wa heshima." Faini! Kalipa hapohapo, kaenda zake.

Mdogo wangu yeye hakimu kamwambia, "Umekiri mwenyewe." Ni mimi niliyemwambia akiri, shoga! Mimi! Nilimwambia, "Sema ukweli, watakuhurumia."

Na lile koti alilovaa bosi nililipiga pasi mimi juzi, kazini kwa dobi. Kikaratasi chetu cha namba bado kilikuwa kimebanwa kwenye mkono. Alipofika mlangoni nikamsogelea, nikakitoa, nikamnyoosha na kola. Mazoea tu, wallahi. Mikono ilikwenda yenyewe.

Kaniambia, "Asante, dada."

Kugeuka, namwona mdogo wangu na pingu zake, anasubiri gari la magereza. Alikuwa ananiangalia muda wote.