Kinga ya Mwaka 2000

S.L.P. 1146,
Thika.

14 Agosti 1999

Mpendwa kaka Junaid,

Assalamu alaikum. Habari za Leicester? Wifi Leila amepona ile homa, ama bado anakohoa? Sisi hapa Kiganjo tuko wazima, ila Mama goti linamsumbua na hospitali hataki hata kusikia.

Mimi siumwi, nina hasira tu. Wacha nikutolee wewe, maana hapa nyumbani wamechoka kunisikiliza.

Uliniuliza kazi yangu inaendaje. Nauza programu za kompyuta za duka moja la Nairobi, la bwana anayeitwa Kimeu. Mtu akinunua kwa jina langu, napata kamisheni. Kimeu alituambia tuchague: programu ya kujifunza kupiga chapa, ama mpya inayoitwa Kinga. Si umesikia wanavyosema kompyuta zitachanganyikiwa mwaka 2000 ukiingia, zidhani tumerudi zamani? Kinga ndiyo yenye kamisheni nono, na watu wanaiulizia kwa hofu. Ile ya kupiga chapa inafundisha vizuri kweli, lakini ukiitaja tu watu wanapiga miayo.

Mwenzangu Wanyoike alichagua Kinga papo hapo. Mimi nikasema siwezi kusifu kitu nisichokijua.

Basi Waithira, mama mwenye chuo cha makarani pale Mugutha, akaniita. Alitaka Kinga kwa mashine zake zote. Nikamwomba tuijaribu kwanza kwa ile moja kuukuu. Tukaiweka, skrini ikaandika kwa kijani: UKO SALAMA. Nikasogeza tarehe hadi mwisho wa mwaka, saa ikavuka, tukaizima na kuiwasha. Mashine ikasema ni 1980! Na yale maandishi ya kijani bado yanang'aa hapo juu.

Nikampigia Kimeu simu.

"Zubeida, kazi yako ni kuuza," akasema. "Nani alikutuma kupima?"

Nikamwambia hiyo sitaiuza. Akanikatia simu, na eneo langu lote la Ruiru akampa Wanyoike.

Hilo ningelimeza. Lakini wiki iliyopita nilipita Mugutha, nikaikuta Kinga kwa kila mashine ya Waithira, na cheti cha kuthibitisha kuwa chuo kiko tayari kwa mwaka 2000 kikiwa ukutani, ndani ya fremu! Nikamgeukia Waithira. Si tulikuwa pamoja, macho yake na yangu kwa skrini moja?

"Usinikasirikie, Zubeida," akaniambia. "Wazazi kila siku wanauliza kama tuko tayari. Wewe uliniletea shida. Wanyoike ameniletea cheti."

Chai aliyonimiminia niliiacha mezani.

Sasa nauza ile ya kupiga chapa peke yake, nimeipata kwa duka lingine hapa mjini. Mpaka leo mnunuzi ni mmoja, Emmah wa Mwihoko, ambaye siku hizi anaandika bila kuangalia vidole. Nilimfurahia sana, halafu nikakasirika upya: mmoja tu! Januari ikifika nitakuwa na haki ya kusema niliwaambia, lakini hiyo haki hakuna atakayeinunua.

Niambie ukweli, kaka, bila kunipoza: ungekuwa Waithira, ungenunua kwa nani?

Msalimie Leila, na umbusu mwanenu Rayan kwa niaba yangu. Mama na shangazi Zainab wanakutaja kila tukiketi kula. Mola awafunike kwa rehema zake huko ugenini.

Ni mimi dadako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Zubeida