Chujio la Chai na Usingizi wa Baba Yako

Mjukuu wangu Wanja,

Hapa mtaani Jericho sote wazima, na nyanya yako bado ananigombeza kila asubuhi. Unauliza umwambie nini mwanao kabla hajapewa dawa ya usingizi ya upasuaji. Umemuuliza fundi mwenyewe!

Baba yako alipotakiwa kutolewa tonsili utotoni, nyanyako alitaka kumdanganya kwamba wanaenda sokoni. Mimi nikamwekea chujio la chai puani kama ile barakoa ya dawa, nikamwambia ukweli: "Dawa itanuka vibaya, utalala, ukiamka koo litauma, na mimi nitakuwa hapo." Tukaucheza mchezo huo hadi akanichosha.

Siku yenyewe akamwambia nesi, "Sista, leta chujio lako, mimi si mgeni." Akalala kama bosi.

Alipofumbua macho alinitafuta kwanza. Kwa hivyo, mama, usitoke hapo hata kwenda kunywa chai.

Babu yako, daktari aliyeishia darasa la nne