Kamera Iliyozimika kwa Baridi na Ajali ya Mzee Mutunga

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa katika kituo cha polisi, eneo la Kangundo, Kaunti ya Machakos, Jumatatu tarehe 14 Julai 2025.

Jina: Peris Kavindu Mwangangi
Umri: Miaka 46
Kazi: Mchuuzi wa maziwa
Makazi: Kijijini, nje kidogo ya mji wa Kangundo

Mimi ndiye mwenye jina hilo. Nazungumza kwa hiari yangu mbele ya Koplo Matthew Nderitu, kwa Kiswahili, lugha ninayoielewa vizuri. Hii ni mara yangu ya tatu kufika hapa kwa ajili ya ajali ya mzee Mutunga. Mara mbili za kwanza niliambiwa nirudi nyumbani nikalete video. Nilisema na leo nasema tena kwamba video haipo. Naomba leo yaandikwe yale niliyoyaona.

Kila asubuhi, isipokuwa Jumapili, napita kwa wafugaji wa huku mlimani nikichukua maziwa, kisha nayapeleka kwenye hoteli za mjini Machakos. Natumia gari letu dogo aina ya Probox, la rangi nyeupe. Mwaka jana mume wangu aliniwekea kamera kwenye kioo cha mbele, baada ya mtu wa boda boda kunigonga kwa nyuma kisha akaapa mbele ya watu kwamba mimi ndiye niliyerudi nyuma. Mume wangu alisema, "Sasa hakuna mtu atakusingizia tena."

Kamera hiyo ilifanya kazi vizuri mpaka mwezi wa Juni. Baridi ilipoingia ikaanza kunisumbua. Asubuhi naiwasha, inalia mara moja, taa nyekundu inawaka, halafu inazima. Jua likishatoka inawaka yenyewe na kurekodi kila kitu, hata ng'ombe wa watu. Lakini mimi hufanya kazi alfajiri, wakati wa ukungu.

Nilibadilisha memori kadi. Nikabadilisha waya. Nikamwita fundi wa umeme wa magari akaangalia fyuzi, akasema ziko sawa. Nikaanza kuing'oa kila jioni na kuingia nayo nyumbani, naifunga kwa sweta kama mtoto. Asubuhi ilikuwa inawaka, lakini nikifika kwenye barabara kuu inazima tena, kwa sababu hita ya gari langu iliharibika na kioo kikifunga ukungu lazima niendeshe dirisha likiwa wazi. Mwishowe niliirudisha kwa aliyetuuzia, Nairobi. Nilifika kwake saa sita mchana. Aliichomeka, ikawaka papo hapo. Akaniambia, "Mum, hii iko sawa kabisa. Labda huko kwenu stima ya gari ni kidogo." Nilirudi nayo kama mtu aliyepeleka mgonjwa hospitali akapona mlangoni.

Mnamo tarehe 8 Julai 2025, siku ya Jumanne, nilikuwa nikiendesha gari kutoka upande wa Kangundo kuelekea Machakos. Ilikuwa karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kulikuwa na ukungu, lakini mtu angeweza kuona mpaka kwenye kona iliyo mbele. Nilikuwa nimewasha taa. Nilipopita kanisa, kamera ikalia na kuzima. Niliibonyeza mara moja. Haikuwaka, nikaiacha. Kutoka kanisani mpaka pale ajali ilipotokea ni mwendo mrefu, na mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye usukani. Nataka hilo liandikwe.

Mzee Mutunga, mmoja wa wafugaji ninaowachukulia maziwa, alikuwa amesimama upande wa kushoto, nje ya lami, kwenye majani, na mtungi wake wa maziwa ukiwa miguuni. Hapo ndipo huningojea siku zote. Aliinua mkono. Nikapunguza mwendo.

Hapo lori la mchanga la rangi ya buluu likatokea nyuma yangu na kunipita upande wa kulia, kwenye kona, bila taa. Gari lingine likatokea mbele. Dereva wa lori akarudi kushoto kwa nguvu ili asigongane nalo. Alinikatia mbele, nami nikakanyaga breki. Lori likatoka kwenye lami likampiga mzee Mutunga kwa ubavu wake wa kushoto. Nilimwona akianguka. Mtungi ulirushwa mpaka kwenye mtaro. Maziwa yalimwagika barabarani.

Nilimfikia wa kwanza. Alikuwa na fahamu. Aliniambia, "Peris, mguu siusikii." Nilimfunika kwa leso yangu. Watu walikuja, tukamlaza kwenye gari langu, nikampeleka hospitali. Dereva wa lori alikuwa amesimamisha mbele kidogo. Sikuongea naye.

Siku hiyo hiyo nilikuja hapa kituoni. Afisa niliyemkuta aliona kamera kwenye kioo akasema, "Mama, kesi imeisha. Leta kadi." Nilimweleza kwamba ilizimwa na baridi. Alinitazama akauliza, "Baridi ya Kangundo hii?" Nikamwambia ndiyo, hii. Waliokuwa hapo walicheka.

Baadaye niliambiwa kwamba dereva huyo, anayeitwa Musyoka, amesema hakunipita. Amesema alikuwa mbele yangu tangu mwanzo, kwamba mzee aliingia barabarani ghafla, na kwamba mimi nilikuwa mbali nyuma nikichezea kamera. Kwa hiyo kamera ambayo haikumwona yeye, sasa imekuwa shahidi wake dhidi yangu. Jambo hilo limeniuma kuliko kicheko.

Siku ya Ijumaa Kalondu, binti wa mzee Mutunga, alikuja nyumbani kwangu. Mzee amevunjika nyonga na mguu, na haikumbuki ajali yenyewe. Kalondu hakukubali kuketi. Aliniita kwa jina la mwanangu, akasema, "Mama Ndanu, wamekupa nini ndio ufute hiyo video?" Namjua Kalondu tangu akiwa msichana. Nilichukua kamera na kadi nikamwambia, "Twende pamoja kwa fundi, usikie kwa masikio yako."

Tulikwenda Machakos kwa Kioko, fundi wa simu. Aliifungua kamera mbele yetu. Betri ya ndani ilikuwa imefura kama mandazi. Akasema, "Hii ilikufa kitambo. Ikipata baridi kidogo inaangusha kila kitu, hata haiwezi kumaliza kuandika ile video ilikuwa inarekodi." Aliweka kadi kwenye kompyuta. Video ya mwisho kabla ya ajali ilikuwa fupi. Inaonyesha ukungu, waipa zikipita, na ukuta wa kanisa. Halafu hakuna kitu. Kalondu aliomba irudiwe. Ikarudiwa. Akaomba tena. Alipoona ukuta ule mara ya tatu alifunika uso kwa mikono akalia, nami nililia, ingawa sikutaka.

Njiani tukirudi, karibu na nyumbani, Kalondu alisema, "Pole, mwaitu," yaani pole, mama. Nikamwambia asijali, hata mimi ningefikiria hivyo.

Jumamosi alikuja tena, kunisaidia kuosha gari, kwa kuwa ndani kulikuwa bado na damu ya baba yake na mimi sikuwa nimeweza kuigusa. Mimi niliosha ndani, yeye akaosha nje. Gari lilikuwa limejaa matope ya njia za wafugaji tangu siku ya ajali. Nikamsikia akiniita kwa sauti ya juu. Alikuwa amechuchumaa upande wa kulia, kwenye bawa la mbele, juu ya gurudumu. Matope yalikuwa yametoka na chini yake kulikuwa na mkwaruzo mrefu, umebonyea, umejaa rangi ya buluu. Kalondu aliuliza, "Hii ulipata wapi?"

Nilikaa chini pale pale kwenye maji. Nilipokanyaga breki siku ile nilisikia mshindo, nikadhani ni mitungi ya maziwa imegongana nyuma. Ilikuwa ni lori likinikwaruza. Mtu aliyekuwa mbele yangu tangu mwanzo hawezi kuniachia rangi ya gari lake ubavuni upande wa kulia. Tuliacha kuosha. Tulifunika mahali hapo kwa gunia, na gari halijatembea tena mpaka nilipolileta hapa leo.

Nimekuja mara tatu na kila mara gari langu limekuwa uwanjani hapo nje. Wote wametazama kioo cha mbele. Hakuna aliyelizunguka. Namwomba afande anayeandika ainuke twende naye, kabla sijaweka sahihi.

Nimesomewa yote niliyosema. Ni kweli, ndivyo nilivyoona, na sina la kuongeza ila hilo ombi.

Sahihi ya shahidi: P. Kavindu

Dokezo la afisa: Nilitoka na shahidi mpaka uwanjani kabla hajaweka sahihi. Nimeona mkwaruzo kwenye bawa la mbele la kulia, wenye rangi ya buluu, nami nimeupiga picha. Dereva Musyoka ameitwa kwa simu afike kesho pamoja na lori. Nilimweleza shahidi kwamba gari lake litabaki hapa mpaka mkaguzi wa magari alione, na kwamba sijui itachukua siku ngapi. Aliuliza maziwa ya watu yatabebwa na nani asubuhi. Aliweka ufunguo mezani, akaomba atoe mitungi yake, na Kalondu Mutunga, aliyekuwa akimngoja nje, akamsaidia kuibeba mpaka stendi.

Koplo Matthew Nderitu