Ruhusa ya Kudumu Imefutwa

Wachapishaji wa ule mchezo wa mezani wamefuta ruhusa, kaka. Ile ya wazi, iliyosema yeyote atengeneze mbao za mchezo wao auze. Wameifuta!

Wakili wao katoka hapa karakana asubuhi. Alikanyaga maranda yangu ya mbao kama anakanyaga kinyesi.

Nikamwambia, "Bosi, si mliandika ruhusa ni ya kudumu?" Akatabasamu. "Ya kudumu, ndiyo. Hatukuandika kwamba haiondolewi."

Umesikia? Ya kudumu, lakini inaondolewa! Basi nimuuzie kiti cha kudumu, akishakalia nije kung'oa miguu.

Shemeji yako akadakia mlangoni, "Na mkeo ulimwoa kwa masharti hayo hayo?"

Nikasema nibishe. Wakili akanijibu, "Karibu mahakamani, huenda ukashinda." Huenda! Na watoto wale nini nikingoja hukumu?

Kisha akageuza ubao mmoja. "Usio na jina letu, uza. Huu hapana."

Si unakumbuka masharti yao yalitaka tuwataje kwenye kila ubao? Wenzangu walibandika karatasi. Mimi mjuaji nikalichoma jina lao kwa chuma cha moto, herufi nene, lisifutike milele. Nikajisifu!

Tangu atoke napiga randa nilitoe. Jina limezama, nikilifikia ubao unapasuka. Nimejaribu kumi, zimepona mbili. Themanini zilizobaki ni kuni, na yule dada anayenipakia mbao rangi nimemwambia kesho asije.