Mashua Uliyonipa

Baba,

Ulinifundisha kwamba barua huanza kwa salamu na kuulizana hali. Salamu nakuletea, lakini hali nitakuulizaje? Na mimi ukiniuliza yangu, sina jibu la heshima. Leo umetimiza siku arubaini. Watu wamekusomea hitima, wamekula, wamekwenda zao, nami nimekaa chumbani kwako na kalamu yako ya mwanzi, ambayo ncha yake sijui kuichonga ulivyokuwa ukiichonga. Unisamehe mwandiko.

Wanafunzi wako walikuja wote siku ya mazishi. Watu wazima wenye ndevu zao na wake zao! Mmoja alipoingia ukumbini akaiona bakora yako pale pembeni, alisita mlangoni, kisha akacheka, kisha akalia kwa sauti mpaka wakamtoa nje. Tangu siku hiyo nyumba imekuwa kimya, na kimya chenyewe sikiwezi. Kikoi chako bado kinanuka wino na sifa, ile harufu ya mafuta ya papa ambayo marehemu mama alisema itamfukuza nyumbani. Sijakifua.

Unakumbuka ulivyonifundisha Juzuu Amma? Wenzangu waliisoma katika chuo chako cha Kurani, chini ya jicho lako. Mimi niliisoma baharini, kwa kuwa mama alikuwa mgonjwa na hukuwa na pa kuniacha alasiri. Ulinikalisha mbele ya mashua na kifuu cha kuchotea maji. Ukipiga kasia, nasoma aya. Ukipiga tena, nasoma inayofuata. Nikikosea unaweka makasia chini, hunigombezi, unanitazama tu, na mashua inachukuliwa na maji mpaka nirekebishe. Sikuwahi kukwambia hili, baba: mara nyingi nilikosea makusudi. Nilitaka tusifike mapema.

Kisha nikavunja ungo, nikawekwa ndani, na mambo ya pwani yakaishia hapo. Sikulalamika, ndivyo tulivyo. Nikaolewa, nikaachwa, nikarudi kwako. Macho yako yalipoanza kufifia ukawaacha watoto wa chuo kwa mwalimu mwingine, nami nikadhani utakaa barazani na wazee wenzako. Wapi! Kila ukishasali alfajiri ulishika njia ya pwani ya Funguni, mashuani kwako. Nilikuuliza utaendaje na huoni, ukanijibu, "Herufi zishanikimbia, Zuwena, lakini kisiwa cha Changuu nakiona." Ukirudi ulikaa hapa mlangoni, miguu imejaa mchanga, ukanihadithia maji yalivyokuwa, meli ipi ya moshi imetia nanga, nani amekwama fungu la mchanga kwa ujinga wake. Nilikuwa nakuosha miguu na kusikiliza, na moyoni naona wivu. Naam, wivu, wa kumwonea baba yangu mzazi.

Ulijua. Ndiyo maana ukawa unanitania: "Ngoja uzeeke, mwanangu. Ukishakuwa kizee kama mie hapana atakayekutazama. Tutakwenda zetu Changuu, nawe utapiga makasia, mie nisome." Mimi nilicheka, lakini nilikuwa nahesabu mvi zangu kwenye kioo na kufurahi zikiongezeka. Mwanamke gani mwingine mjini anafurahia mvi?

Ulipolala kitandani kwa homa ile isiyokwisha, uliniita ukanishika mkono. "Mashua nakupa wewe. Usiiache ikakauka." Nikaitikia. Tulikuwa wawili tu chumbani. Baba, kwa nini hatukumwita mtu akasikia? Nami kwa nini sikumwambia mtu? Niliona haya. Niliwaza watakavyocheka: Zuwena mtalaka ana mashua, ataivaa na buibui? Nikanyamaza, nikajisemea kwamba nitalisema baadaye, mambo yakitulia.

Ukafa siku ya pili ya Idi. Ulijua kuchagua siku, wewe. Mafundi wote wako kwenye sikukuu, wauza mbao wamefunga maduka, na jua lile halikuruhusu kungoja. Kaburi lilikuwa tayari, lakini hakukuwa na kiunza, zile mbao za kukufunika udongo usikuguse. Mimi niko ndani na wanawake, hayo siyajui. Nilisikia shoka upande wa pwani. Nikamwambia bibi aliyekaa karibu nami kwamba wanapasua kuni za kupikia watu. Nikamshukuru Mungu, baba, kwamba kuni zimepatikana.

Siku ya tatu mjomba Hamadi, ndugu yake mama, alikuja kunipa pole. Alikaa hapo kwenye mkeka, mikono imechubuka. Akaniambia, "Usilie, mwanangu. Babaako tumemsitiri kwa mashua yake mwenyewe. Nimeipasua kwa mikono yangu hii, sikukubali mtu mwengine aiguse. Wachimbaji walilalamika mbao zanuka sifa, nikawambia ndo harufu yake huyu, nyamazeni." Na machozi yanamtoka. Alifikiri mashua imeachwa, imefunikwa kifudifudi mchangani miezi mitatu, haina mwenyewe. Angejuaje? Mwenyewe nilikuwa ndani humu, mdomo nimeufunga.

Nimeligeuza jambo hili kila upande. Kuna saa naona limekaa vizuri, kwamba umelazwa chini ya mbao ulizozipaka mafuta miaka yote ile. Saa nyingine naona uliniachia kitu kimoja tu nikakipoteza kabla hujafika kaburini, kwa haya ya kijinga. Neno moja lingetosha. Ningesema tu, "Hiyo ni yangu." Lakini wangekufunika kwa kitu gani? Basi hapo akili yangu inasimama, haiendi mbele wala hairudi. Na kaburini sisi wanawake hatuendi, siwezi kuja kukuuliza.

Jana mjomba alinitazama sana, akauliza, "Mbona kila nikiitaja mashua wainama? Nimekosa?"

Nikamwambia, "Hukukosa, mjomba."

Alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Ni mzee sasa, baba, na katika msiba wote huu lile ndilo tendo lake moja analojivunia. Nimekosa kuitunza mashua. Changuu sitakwenda, maana wa kunipeleka hayupo. Lililobaki mikononi mwangu ni kunyamaza, na safari hii si kwa haya. Nakuahidi hilo: hatalijua, si kwa kinywa changu wala kwa uso wangu.

Nakushika miguu, baba yangu. Mungu akupe wasaa huko uliko.

Mjomba atakuja Ijumaa. Atanihadithia tena alivyoipasua ile mbao ya kwanza, nami nitainua uso, nimtazame, nimwambie, "Mungu akulipe, mjomba."

Wako,
Zuwena