Radhi Niliyomficha Ami

Babu,

Shikamoo. Miezi ile ya mwisho marahaba yako ilinifikia mimi tu, kwa kuwa nilikuwa nikikutegea sikio mdomoni. Basi nahesabu umeitika.

Tangu tukuzike, chumba chako kimepakwa chokaa, na Mama ameweka cherehani palipokuwa kitanda. Kofia uliyokuwa ukiishona ukaiacha nusu, ile ambayo vitundu vyake vilianza sawa vikaishia upogo mkono ulipokuzidi, ninayo mimi. Hajui mtu.

Nakuandikia kwa sababu nimefanya jambo, na sijuti. Nimejaribu kujuta, nimeshindwa.

Ni juu ya Ami Twahiri, mwanao mkubwa. Siku ya harusi ya binti yake ulikaa mbele ya wakwe na uso mkavu, hukucheka na mtu, mkono unacheza juu ya goti. Kesho yake akawaambia wazee wa baraza la msikitini kwamba umemfanyia kiburi, umenuna makusudi. Wakamwamini. Waliokuwa wakija kunywa kahawa nawe wakawa wanapita mlangoni bila hodi. Kila alasiri unauliza, "Leo hawaji?" Nami nasema wameenda mazikoni. Babu, nilikuzulia maziko mengi sana.

Kisha tukaenda hospitali Kilifi. Unakumbuka yule daktari wa kike alivyokuvika kofia ya nyaya? Ulipapasa vitundu vyake kwa kidole ukanambia, "Fundi huyu hakupima." Nikacheka hadi daktari akaniuliza umesema nini, nikaona haya kumtafsiria. Kofia ile ilisikiliza umeme wa ubongo wako, mistari ikawa inatambaa kwenye kioo cha kompyuta. Alinieleza kwa Kiingereza, nami nikakwambia kwa Kiswahili chetu: sehemu za ubongo huongea kwa kupokezana, hii ikishika ile inaachia. Zako zimeganda kwenye pigo moja, kama wapiga dufu waliokosa wa kuwabadilishia, na ukitaka kunyanyua mkono haziachiani. Ndiyo maradhi ya Parkinson hayo. Akasema na uso ni hivyo hivyo: furaha iko ndani, njia ya kutokea ndiyo iliyofungwa.

Ukanishika kidole. "Kamwambie Twahiri."

Nilikwenda, Babu. Mimi ninayetetemeka nikiitwa ubaoni. Nilimpa karatasi ya ile mistari, aliyotuchapia daktari, nikamweleza habari ya umeme wa ubongo pale barazani, mbele ya wenzake. Hakuisoma. Alijipepea nayo, akasema, "Umeme wa nini? Mzee hataki tu." Wakacheka. Alipoiweka chini niliiokota, nikaondoka, na tangu siku ile nachukia hata mlio wa ndara zake.

Siku yako ya mwisho ndipo alipokuja. Alipiga magoti kando ya kitanda akakuomba radhi, analia. Midomo yako ikasogea. Hakusikia kitu. Akanigeukia, kwa kuwa kila mtu alikuwa akinigeukia mimi.

"Rukia mwanangu, kasema nini?"

Ulisema, "Nimekuwia radhi, mwanangu." Nilikusikia vizuri kabisa.

Nikamwambia sikusikia.

Sasa amekonda. Kila Ijumaa baada ya swala anakuja, anakaa pale mlangoni ulipokuwa ukikaa wewe, ananiomba kwa upole nijaribu kukumbuka. Naangalia chini kama kawaida yangu, na kwa kuwa mimi ni mwenye haya, hakuna anayenishuku. Naona raha, Babu. Wallahi naona raha. Na asubiri, kama ulivyosubiri wewe kahawa ikikupoea mkononi.

Najua radhi ile hukunipa mimi niiweke. Ni yake. Ukinikasirikia, una haki.

Ila nakuahidi sitakufa nayo. Siku atakayokaa baraza lile lile, mbele ya wale wale, akasema kwa kinywa chake kwamba baba yake alikuwa mgonjwa, hakuwa na kiburi, nitamwambia pale pale, kwa sauti ambayo hawajapata kunisikia nayo. Karatasi ninayo, na kunjo la vidole vyake bado liko. Asiposema, Ijumaa ni nyingi.

Lala, Babu. Kofia yako nitaimaliza. Vile vitundu vya upogo sitavifumua. Nataka Ami aivae hivyo hivyo.

Mjukuu wako,
Rukia