Milimita Amesema Neno, Shemeji Amefunga Mlango

Mshauri mpenzi, nisaidie, maana nina furaha isiyo na pa kukaa, na aibu imeketi pembeni yake.

Mimi ni fundi seremala, na mwenzangu wa meza moja, tunayemwita Milimita kwa sababu hakubali kipimo cha kukisia, alianguka ghafla karakana akiwa anapiga randa, tukambeba mbio hospitali, wakatuambia ni kiharusi, na aliporudi nyumbani mkono wa kulia ulikuwa umelegea na maneno hayatoki, anatutazama tu, na mimi mshauri sijui kukaa bure mbele ya mgonjwa, nikawaambia wenzangu tusiende mikono mitupu, twende na mbao. Tukakipunguza miguu kitanda chake kiwe chini, tukatoa kizingiti cha mlango, tukapigilia ubao wa kushikilia ukutani kutoka chumbani mpaka chooni, tukamtengenezea kigoda cha bafuni, kila jioni tukitoka kazini tunapitia pale, na mkewe alikuwa anashukuru, ingawa siku za karibuni alikuwa anashukuru huku amejishika kiuno.

Sasa sikia. Juzi nilikuwa napiga msasa ule ubao wa ukutani, Milimita akajikokota mpaka nilipo, akapitisha kidole pale nilipomaliza, akatikisa kichwa, akasema, "Bado." Mshauri, alisema. Neno lake la kwanza tangu aanguke, na limekuja kunikosoa mimi. Nikalia, nikamkumbatia, naye akanyoosha ule mkono mlegevu aushike msasa, nikautia msasa mfukoni asije akajichosha, nikapiga simu karakana, wakaja wote na zana zao, tukasema leo tunalainisha nyumba nzima mpaka Milimita aridhike, tukapiga msasa milango, madirisha, meza ya kulia, tunaimba, vumbi limefika mpaka kwenye sufuria, na kila mmoja anamwambia "sema tena, kaka, sema bado", naye anazidi kukunja uso, mwisho akageukia ukuta.

Shemeji akatoka jikoni. Hakupaza sauti. Akasema, "Shemeji, nashukuru kwa yote. Leo nendeni, na kesho msije." Akafunga mlango, ule ule tuliourekebisha sisi usiwe unakwama.

Wenzangu wanasema kachoka tu, atapoa, na tayari wamekata mbao za njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu, wanataka tumshangaze Milimita nayo Jumamosi. Mimi naogopa, maana nikienda nitaonekana king'ang'anizi, nisipoenda Milimita atadhani tumemtupa, na lile neno lisije likarudi lilikotoka. Nifanyeje?

Fundi Niliyefungiwa Mlango

*

Fundi,

Nilipofika kwenye hilo "Bado" nilipiga meza kwa kiganja, mwenzangu wa chumba cha pili akaja kuuliza kuna nini. Hongera, na yeye mpe hongera zangu. Sasa vuta kiti nikuseme.

Mtu alinyoosha mkono akitaka msasa, wewe ukautia mfukoni ukamletea umati. Mkono ule ndio unaotafutiwa mazoezi kila siku. Umekuja wenyewe kuomba kazi, ukaunyima. Kisha mkamzunguka mtu mzima mkimwambia aseme tena, kama mnamfundisha kasuku. Ningekuwa mimi ningegeukia ukuta mapema zaidi. Na hiyo njia ya mteremko ni ya nani? Mwenzenu anajikokota kwa miguu yake, nyinyi mnamwandalia magurudumu. Kuna aliyemuuliza?

Shemeji yako hajawachukia. Anapika, anaogesha, anageuza mgonjwa, kisha anafagia vumbi la wanaume wenye moyo mzuri. Umeandika mwenyewe kwamba alishukuru amejishika kiuno. Macho unayo, basi yatumie.

Jumamosi msiende. Leo mpigie shemeji simu, omba radhi bila kujitetea, halafu muulize ni saa gani anahitaji mtu wa kukaa na mumewe ili yeye atoke au alale. Saa atakayotaja ndiyo yako, hata kama kuna mpira. Wenzako wagawane siku, aende mmoja mmoja, na atakayefika na nyundo arudi nayo. Waulizeni pia wanaomfanyisha mazoezi ya viungo, mkono huo ufanye kazi kwa muda gani kabla ya kupumzishwa, na mkiambiwa, mtii.

Zamu yako ikifika, chukua kipande cha mbao na msasa, umpe, kisha uikalie mikono yako. Atakwenda polepole mpaka vidole vikuwashe, na bado usimsaidie. Akikwambia kazi yako mbovu, usilie na usipigie mtu simu. Mbishie, kama mlivyokuwa mkibishana kazini. Tangu augue kila mtu anamkubalia kila kitu, na hakuna kinachomfanya mtu ajione amekwisha kama hicho.